Siku Tuliyobaki Mpaka Filimbi ya Mwisho

Ukiliweka puani lile koti unasikia kwanza mafuta ya cherehani, kisha nafthalini, na kwa mbali kabisa, kama una pua ya kutafuta, unasikia karanga za kukaanga. Mama anasema hizo karanga ziko kichwani mwangu tu. Huenda. Lakini mwezi uliopita, alipohamia kwangu Midrand na tukawa tunapanga vitu vyake, binti yangu Neema alilivuta kutoka chini ya sanduku, akalikung'uta, nami nikajikuta nimekaa kitandani, nina miaka minane tena.

Ni koti la kugeuza. Upande mmoja rangi ya chungwa, rangi ya timu ya hapa mjini. Upande wa pili kijani, rangi ya timu ya kwetu Lubumbashi. Mama aliyashona matatu, lake, la Papa na langu, kwa ajili ya mechi moja tu. Hili lililobaki ni la Papa, ambaye sasa ametutoka.

Neema akaniuliza kwa Kiingereza, lugha anayotujibia hata tukimsemesha Kiswahili, ni mtu gani anayehitaji koti la timu mbili. Swali zuri. Mimi mwenyewe sikuliuliza wakati ule.

Tulikuwa tunaishi Bellevue, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, kila chumba na familia yake na jiko lake la umeme. Uwanja mkubwa uko bondeni, chini ya mtaa wetu. Siku za mechi mngurumo wa watu na mlio wa vuvuzela ulitupandia mpaka dirishani, na mimi nilikuwa naacha kuosha vyombo nikisikiliza, najaribu kukisia nani kafunga. Mama alikuwa mshonaji sokoni Yeoville. Papa alikuwa mlinzi, na mara nyingi kampuni yao ilimpeleka kulinda uwanjani humohumo.

Msidhani basi aliona mpira. Mlinzi wa uwanjani anasimama amewapa wachezaji mgongo, anawatazama watu. Papa aliwahi kusimama mita chache kutoka kwenye nyasi, mechi baada ya mechi, na hakuwahi kuona bao hata moja. Mabao aliyasoma kwenye nyuso za mashabiki. Akirudi nyumbani tulimuuliza, "Walifungaje?" naye alitueleza jinsi mzee mmoja wa safu ya tatu alivyomwaga soda yake.

Alikuwa mtu wa sauti ya chini, Papa. Barabarani alizungumza kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Na alikuwa na tabia moja iliyoniumiza kuliko zote: hatukuwahi kubaki mahali mpaka mwisho. Harusini tuliondoka kabla ya keki. Kanisani tuliondoka wakati wa wimbo wa mwisho, tukiinama kupita mbele ya waimbaji. Shuleni kwangu, siku ya maonyesho ya mwisho wa mwaka, alinishika mkono tukatoka kabla watu hawajamaliza kupiga makofi, na Jumatatu yake mwalimu akaniambia niliitwa jukwaani kupokea zawadi ya kusoma nikawa sipo. Nililia chooni. Watoto wenzangu walikuwa na baba wakali, baba walevi. Mimi nilikuwa na baba wa kuondoka mapema, na niliwaonea wivu wale wengine.

Kwa hiyo timu ya kwetu ilipopangiwa kuja kucheza na timu ya hapa, na Papa akapata siku ya mapumziko na tiketi tatu, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kuona mwisho.

Asubuhi yenyewe alituketisha kitandani, mimi na Mama, akatufundisha namna ya kwenda uwanjani. Tule nyumbani, kwa sababu chakula kitazuiwa mlangoni. Tusibebe chupa ya kioo wala mwavuli. Mama avue hereni. Simu ikae ndani ya nguo, siyo mfukoni. Nikipotea, nisimfuate mtu mwema, nimtafute mtu mwenye kizibao cha ulinzi nisimame naye hapohapo. Hayo yote hata leo namwambia kila anayekwenda kwenye mechi kubwa, na sijaona aliyejuta. Kisha akashusha sauti yake, ambayo tayari ilikuwa chini.

"Musikie bien. Tukifika pale, Swahili inabaki ku nyumba. Timu ya kwetu ikifunga, munanyamaza. Ya hapa ikifunga, munapiga makofi. Na mbele mechi iishe, tunatoka."

Mama alikuwa anakata uzi wa mwisho kwenye koti langu kwa meno. "Papa Furaha," akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "tunaenda ku mpira ao ku matanga?"

Ndipo Mama akatuonyesha makoti. Mpango wake, ambao Papa aliukubali shingo upande, ulikuwa huu: njiani tutavaa chungwa, kama watu wa hapa. Tukishaingia, tukakaa na mashabiki wa kwetu, tutageuza kijani. Kurudi, chungwa tena. Niliona ni mchezo mzuri sana. Niliamini kila familia inayokwenda mpirani ina koti la aina hiyo.

Tukashuka bondeni kwa miguu, adhuhuri, jua kali, tumevaa chungwa tupu. Mlangoni Papa alinyoosha mikono apekuliwe, na alipomalizwa akageuka, mikono ikaenda yenyewe kumpekua mtu aliyekuwa nyuma yake. Yule mlinzi wa zamu, aliyemfahamu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Eish, bra wangu, leo hauko kazini!"

Kosa letu tuliligundua tulipoketi. Tiketi zetu zilikuwa za upande wa timu ya hapa. Kijani kilikuwa ng'ambo ya uwanja, mbali, na tuliwasikia wakiimba Kiswahili na kupiga ngoma, na sisi tumezungukwa na chungwa kila upande. Mama aliwatazama kama mtu anayetazama chakula kupitia dirishani. Akataka tuhame. Papa akakataa: tulikuwa karibu na ngazi, na kwake ngazi ilikuwa muhimu kuliko jirani.

Mbele yetu, na hapa ndipo harufu ya karanga inapoingia, alikaa mama mmoja mtu mzima, mnene, peke yake, na mfuko wa karanga mapajani. Alivaa kofia ngumu kama ya wachimba migodi, iliyochongwa pembe na kupakwa rangi ya chungwa. Nilimwita Gogo, kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi wote. Alikuwa anamtukana mwamuzi hata kabla mpira haujaanza. Alinipa karanga, akaniuliza jina kwa Kizulu, nikamjibu kwa Kizulu cha shuleni, akaridhika, akaniambia yeye ametoka Soweto.

Mpira ukaanza, na Papa akawa anatazama watu. Sisemi utani. Alikuwa amegeuza shingo, anazikagua safu za nyuma moja baada ya nyingine, mpaka Mama akamshika kidevu kwa vidole viwili na kumgeuzia uso kwenye nyasi. "Kule," akasema. "Mpira eko kule." Aliutazama kwa wasiwasi, halafu kwa mashaka, halafu nikaona mdomo wake umefunguka kidogo na haufungi.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeenda sana wakati kijana mmoja wa kwetu, mwembamba, alipopata mpira pembeni, akampita beki, akampita na mwingine, akapiga. Wavu ukatikisika. Upande wetu wote ukanyamaza kama radio iliyozimwa.

Na katikati ya ule ukimya, mtu mmoja akapiga kelele.

"Mama yangu, eeeh! Goli! Lubumbashi! Goliii!"

Ilikuwa sauti nene, kubwa, yenye kwikwi ya kicheko ndani yake, na nikageuka kumtafuta mwenyewe. Alikuwa Papa. Alikuwa amesimama juu ya kiti. Amevua koti, amelipindua, na kile kijani anakizungusha juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kuisikia ile sauti. Miaka minane nilikaa naye chumba kimoja na sikujua anayo.

Watu wakatugeukia. Mama akanivuta ubavuni kwake. Nyuma kuna mtu alisema neno lile wanaloitwa wageni hapa. Nililijua kutoka shuleni. Papa naye alilisikia. Nilimwona anarudi kuwa yule wa kila siku, mabega kwanza, kisha uso.

Gogo akageuka taratibu, pembe zake zikageuka pamoja naye, akamtazama juu mpaka chini. Akasema kitu kwa Kizulu, kwa hasira.

"Anasema nini?" Papa akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Anasema ushushe hiyo mikono, haoni."

Hilo tu ndilo lililokuwa limemuudhi. Papa alishuka kitini, akamwomba radhi, akavaa koti lake hivyohivyo. Kisha akatazama saa kubwa ya uwanjani na kunipa mkono. Niliujua ule mkono. Ulikuwa wa keki na wa zawadi ya kusoma. Machozi yakanijaa, nikasimama.

"Hau! Mnakwenda wapi?" Gogo akauliza, safari hii kwa Kiingereza, ili Papa asikie mwenyewe. "Mnatufunga halafu mnakimbia? Hayi, rudini. Ngojeni tusawazishe, na wewe uumie kama nilivyoumia mimi."

Papa akamweleza kwa upole kwamba wana mtoto, kwamba watu ni wengi mno mwishoni.

"Mtoto nitamshika mimi." Akavua kofia yake akanivika. Ilinifunika mpaka puani, ikinuka rangi na jasho. "Mwenye kofia yangu haondoki kabla yangu."

Papa akamtazama Mama. Mama alikuwa hajasimama kabisa. "Miye sitoki," akasema.

Basi tukabaki. Walisawazisha, dakika za nyongeza kabisa, na Gogo akampulizia Papa vuvuzela sikioni mpaka akajikunja kwa kucheka. Kisha filimbi ikalia, nami nikauona mwisho. Nilikuwa nimeungoja kama Krismasi. Mnajua ulikuwaje? Wachezaji walibadilishana jezi. Watu walisimama, wakanyoosha migongo, wakatafuta viatu vya watoto chini ya viti. Mtu alimuuliza mwenzake kama amebaki na sigara. Haukuwa na kitu chochote, na mimi nilifurahi kupita kiasi.

Tulitoka na ule umati, mkono wangu ndani ya mkono wa Gogo wenye chumvi ya karanga. Niliwaza ataachana nasi getini. Hakuachana nasi. Akapanda kilima na sisi, anahema, analalamika juu ya golikipa wao. Papa alimwambia asijisumbue. "Nanyoosha miguu," akasema. Kona moja walikuwa wamesimama vijana wenye jezi za chungwa, wenye uchungu wa sare, na mmoja akamnyooshea Papa kidole. Papa alikuwa amesahau kugeuza koti. Bado alikuwa kijani. Gogo hakupunguza mwendo. Aliwaambia kwa Kizulu, "Huyu anatoka mpirani na mimi," kama anayemtambulisha mkwe, na wakatupisha. Tulipofika kwenye robot ya juu, yaani taa za barabarani, penye watu na maduka yaliyo wazi, alinivua kofia, akanipa karanga zilizobaki, akageuka akashuka. Nilimwona bibi anayependa kuongea, basi.

Mambo mengine yalikuja kunifungukia nilipokuwa mtu mzima. Mama alinieleza kwamba nikiwa mchanga wa mgongoni kulitokea fujo za kuwafukuza wageni, zikamkuta Papa kwenye sherehe ya jirani. Wote waliobaki mpaka mwisho walipigwa. Toka hapo akawa anaondoka. Nilimwonea wivu mwenye baba mlevi, Mungu anisamehe, na baba yangu alikuwa anatuhesabia njia ya kurudi nyumbani kabla hatujafika tulikokwenda. Na ile sauti alikuwa nayo siku zote.

La Gogo lilichelewa zaidi. Jumamosi iliyopita nilimpeleka Neema uwanjani hapohapo, amevaa koti la babu yake, mikono imekunjwa mara mbili, upande wa kijani nje kwa kuchagua mwenyewe. Nilipokuwa natafuta pa kuegesha gari, nilimuuliza mlinzi zilipo teksi za kwenda Soweto, maana Gogo alituambia anakaa huko. Akanionyesha. Ziko ng'ambo ya uwanja, upande mwingine kabisa na kilima chetu cha Bellevue, na akasema hazijawahi kuwa kwingine. Nilikaa garini nimeshika usukani, Neema ananiuliza mbona hatushuki.

Safu ya mbele yetu, karibu na ngazi, alikaa baba mmoja na watoto wawili. Walikuwa kimya mno kwa watu waliokuja mpirani. Zikiwa zimebaki dakika chache akawapa watoto mikono. Nikamgusa bega, nikamwambia bado haujaisha. Akanitazama, akalitazama koti la Neema, akaketi.

Tulipotoka nao, Neema alinivuta kiwiko. "Mama, gari letu si liko upande ule?"

Nikamwambia nanyoosha miguu.