Zambarau ya Mabaki

Kabla ya kumjua Ngendo sikujua kwamba zambarau si rangi moja. Mimi Theuri ni fundi wa suruali, na kwangu rangi zilikuwa tatu tu: kaki, kijivu na ile nyeusi ya mazishi. Tulishona pamoja miaka mingi kwenye baraza la duka la vitambaa la Shariff mjini Nyeri, cherehani yake karibu na mlango, yangu karibu na mtaro. Jora jipya likifika, yeye aliacha kazi katikati ya mshono akaenda kulishika. "Fundi, hebu angalia hii," ananiambia, na macho yamemlowa. Mimi nilikuwa nataka chai.

Zambarau ndiyo iliyomshika kuliko zote, kwa kuwa ndiyo aliyonyimwa. Akina mama wa chama cha kanisa lao, huko Gatitu, walivaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe, na aliyewashonea wote ni Ngendo, maana hakuna fundi mwingine aliyeweza kuilaza ile kola. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulivaa. Alikuwa mke wa pili wa Gatimu, na sheria yao ilimtambua mke wa kwanza peke yake, yaani Wachuka, ambaye tena ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama. Basi Ngendo aliketi benchi la nyuma na kitambaa chake cha kahawia kichwani, akitazama migongo ya nguo alizozishona. Jumatatu aliniambia ni ya nani imeanza kupauka.

Mwaka wa sabini na tano Gatimu akafa. Kwa sheria hiyo hiyo, mjane hahesabiwi tena kuwa mke wa pili wa mtu, kwa hivyo Ngendo angeweza kuingia darasa la wanaotaka kupokewa, na akimaliza avae zambarau. Alisoma miaka miwili. Mwanamke wa miaka hamsini anakariri maswali na majibu huku akikanyaga pedali, mpaka mimi nisiyeona mlango wa kanisa nikayajua yote.

Ndipo akanionyesha alichokuwa amekificha kwenye sanduku lake. Sisi mafundi tuna desturi: mteja akileta yadi nne na nguo ikala tatu na nusu, mabaki ni ya fundi. Hakuna anayeomba wala anayeulizwa. Watoto wangu wamevaa kaptura za mabaki mpaka wakaota ndevu. Ngendo alikuwa amekusanya zambarau kwa miaka kumi na moja, na sasa akaiunga kipande kwa kipande, kwa mshono mwembamba ambao hata ukipitisha kidole huuhisi.

Shariff alimwonea huruma, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Wamae, chukua yadi nne. Mimi nakupa bure."

Akakataa. Alisema kipande cha mkono ni cha jora la mwaka wa sitini na sita, lenye wekundu kidogo wa ganda la kitunguu, na cha kifuani ni cha jora jingine lililokuwa na samawati kwa mbali. Kila kimoja alikipenda siku ile ile kilipofika. Hakuwa na nguvu ya kuanza kupenda kingine.

Pale chini ya paa la baraza lilikuwa gauni moja la rangi moja. Jumapili ya kupokewa akasimama uani mwa kanisa, na jua la saa nne likamwangukia. Nilikuwepo, alikuwa amenialika. Nikaviona viungo vyote: mkono huu umekolea, huu umefifia, kiunoni zambarau nne zimepangana. Lilikuwa zuri kuliko magauni yote yaliyokuwa pale, na ninasema hivyo leo, wakati haimsaidii.

Wachuka akalishika pindo. "Hii kitambaa ulitoa wapi?"

Mtu mwingine angedanganya. Ngendo alidhani ameulizwa kwa upendo. Akaanza kuwaonyesha akina mama, uso umechangamka. "Hii ya mkono ni yako, Watiri, ile ya kwanza kabisa. Hii ni ya mama Murugi. Na hii ya kifua ni yako, dada. Nyinyi wote niko na nyinyi hapa."

"Kumbe ulikuwa unatuibia," Wachuka akasema. "Kwanza bwana, sasa nguo."

Ibada ilifanyika bila yeye kupokewa. Baadaye wazee wa kanisa wakakaa, na mchungaji akaniita mbele yao.

"Fundi, wewe ni mtu wa hii kazi. Ati mabaki ni ya fundi, ni kweli?"

Kati ya wale wazee, watano walikuwa wamevaa suruali nilizowashonea mimi. Nilijua nikisema ndiyo, kesho watakuja barazani kuniuliza vitambaa vyao. Ngendo alinitazama bila wasiwasi wowote, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi na alijua ninalo.

"Kila fundi na yake," nikasema. "Mimi hurudisha."

Wakamfuta kwenye orodha, wakamwamuru arudishe mali za watu. Siku mbili aliketi barazani akifumua gauni kwa wembe, kisha akampelekea kila mama kipande chake. Hawakuwa na kazi navyo. Watiri alifanya chake cha kushikia sufuria, na najua kwa sababu nilikiona.

Mwaka wa themanini na moja akaja mchungaji mpya, akasema hayo mambo yaishe, Ngendo apokewe. Nilikimbia kununua yadi nne za zambarau kwa Shariff, nikamwekea mezani kwake na kumpa habari. Alikigusa kitambaa, akapima upana wake kwa kiganja, akakikunja vizuri na kunirudishia.

"Hii ni kitambaa ya nguvu. Mshonee mama watoto."

"Si uliingoja hii rangi maisha yako yote?"

"Niliingoja, fundi. Sasa nikiiangalia sioni kitu."

Nikamwambia kwamba siku ile mbele ya wazee nilisema uongo, kwamba sijawahi kumrudishia mtu hata uzi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo." Akaniomba sindano, maana yake ilikuwa imevunjika, akaendelea kushona kaki.