Simu Iliyouliza Mzee Ogola Alilala Wapi

Sikuondoka Kisumu kwa kupenda matembezi. Niliondoka kwa sababu ya ndevu. Mjukuu wangu Zuhura ni msimamizi katika shirika moja la misaada ya afya linalogawa neti za mbu kando ya ziwa. Vijana wake walikuwa wamezunguka Seme na simu zao, boma kwa boma, wakiuliza nani amelala nyumba gani. Wazee waliwapa chai, majibu hawakuwapa. Mtoto wa juzi atamuulizaje mtu mzima habari za kitanda chake? Zuhura akaja kwangu, akanitazama kidevuni, akasema, "Babu, nataka mvi na Kijaluo. Wewe unavyo vyote viwili."

Nimefundisha madrasa miaka mingi na Mungu amenijalia subira, lakini simu ile ilinipima. Siku mbili nilifundishwa kuibonyeza. Mke wangu, Bi Mwanaidi, aliniona nikifanya mazoezi sebuleni akasema, "Usiiminye hivyo. Hiyo si ndizi, hutafuti kama imeiva."

Baada ya sala ya Alfajiri gari la shirika lilinichukua. Kisian tuliiacha barabara ya Maseno, tukashika ya Bondo, na jua lilipokuwa limepanda kidogo tulikuwa Kombewa. Hapo Zuhura alibaki kupokea majibu kutoka simu zote. Aliniambia limebaki boma moja tu, la Mzee Ogola, kule chini karibu na maji. Orodha ingefungwa saa kumi jioni. Nyumba isiyokuwa ndani ya orodha haingepata neti.

Saa tatu asubuhi nilipokelewa langoni na Mzee Ogola mwenyewe, mtu mrefu aliyevaa koti zito, na unyoya mmoja mweupe nyweleni. Mgeni hana haki ya kumsahihisha mwenyeji wake kabla ya chai. Aliniita Japuonj, yaani mwalimu, akanionyesha nyumba tatu za wake zake watatu.

Simu ilitaka kwanza nisimame mahali peupe ili ijue niko wapi duniani. Nilisimama uani nimeiweka juu ya viganja viwili, uso mbinguni, dakika nyingi. Mke mkubwa, Mama Rispa, akauliza kwa heshima kama alete chai sasa au angoje nimalize kuomba.

Adabu ya boma la Kijaluo naijua: lolote linaanza kwa mke mkubwa. Nikaingia kwa Mama Rispa. Nikauliza nani alilala humu usiku wa jana. Akawataja wajukuu wawili, yeye mwenyewe, "na Mzee, bila shaka," akanionyesha bakora yake ukutani. Nikaandika namba ya kitambulisho cha Mzee, simu ikaridhika.

Kwa Mama Pamela, mke wa pili, jibu likawa lilelile: Mzee alilala hapa, na redio yake ile pale. Nikaandika namba. Simu ikatoa maneno mekundu: mtu huyu ameshaandikwa. Nikadhani ni kidole changu. Nikaenda kwa mke mdogo, Mama Lilian, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, ndiyo kwanza ametoka hospitali kwa malaria. Huyo mtoto ndiye hasa aliyehitaji ile neti. "Mzee? Alilala hapa," alisema. "Si hata kofia yake unaiona?" Maneno mekundu tena, na simu ikakataa kutuma boma zima.

Nikampigia Zuhura. Akasema, "Babu, mtu mmoja hawezi kulala nyumba tatu usiku mmoja." Nikamwambia hapa wapo mashahidi watatu, wote waaminifu, na kila mmoja ana kielelezo. Hakucheka. Alisema ni saa saba na nusu.

Niliomba mkeka, nikaswali Adhuhuri, kisha nikamvuta Mzee Ogola pembeni. Nilimweleza kwamba siulizi kwa udaku. Mtoto wa Mama Lilian atakosa neti kwa sababu yetu sisi wazee wawili. 

"Japuonj," akasema, "nikikujibu leo, kesho nitakula kwa nani?"

Ningeweza kumweka nyumba yoyote, mambo yakaisha. Lakini sikufundisha watoto wa watu kusema kweli miaka yote ile ili nije kuiambia simu uongo uzeeni. Nikabaki nimekaa. Saa nane ikapita. Karibu na zizi la ng'ombe palikuwa na kibanda kidogo, duol, ambacho ni chumba cha baba mwenye boma. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kitanda cha kamba kuku mweupe alikuwa amelalia mayai, na kando yake godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mrefu. Nikatazama ule unyoya nyweleni.

"Mzee," nikasema taratibu, "huyu kuku wako anafukuza mbu?"

Mzee Ogola alishika kichwa, akaukuta unyoya, akaanza kucheka mpaka koti likatikisika. Ndipo akanisimulia. Juzi jioni alipata mbuta mmoja mkubwa. Kwa haraka ya furaha akampeleka kwa Mama Lilian, aliyekuwa na mgonjwa. Mama Rispa akasikia kwamba samaki amempita mlangoni, akafunga mlango. Mzee akamchukua tena samaki, akampeleka kwa mkubwa. Akaambiwa hapa hapapokelewi samaki aliyekwisha olewa. Akampeleka kwa Mama Pamela, naye akasema nyumba yake si jalala. Akarudi kwa Mama Lilian, akakuta kufuli. Usiku ule na wa jana alilala na kuku, na mbuta aliliwa na paka.

"Wamesema nilikuwa kwao kunisitiri mbele ya mgeni," alisema. Kisha akasimama. "Andika duol. Mtoto asikose neti kwa sababu ya samaki."

Nilirudi nyumba zote tatu, nikianzia kwa mkubwa, nikamfuta mume kwa idhini ya wenyewe. Hakuna aliyebisha. Nilipokuwa naandika kaya ya nne, ya mtu mmoja, wote watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mama Rispa akainama juu ya simu.

"Mwalimu, hapo kwa waliolala humo, si umwandike na kuku? Ndiye pekee aliyemfungulia."

Mama Lilian alicheka wa kwanza. Mama Pamela akaenda kuweka maji ya ugali jikoni.

Saa kumi kasorobo nilipanda jiwe kubwa nyuma ya boma kutafuta mtandao, nikatuma. Zuhura akajibu: kaya nne zimepokelewa.

Magharibi iliadhiniwa tukiwa tunaingia Kisumu. Namshukuru Mungu kwa safari ile. Nilijifunza kwamba watu wanaweza kusema uongo kwa upendo, na kwamba anayetaka kweli yao sharti akae mpaka waone aibu yao haitatembezwa mitaani. Nilikuwa na ngege wawili wa kununua njiani. Nilimsimulia Bi Mwanaidi yote, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akawapokea wale samaki, akawageuza, akawatazama vizuri.

"Na hawa," akauliza, "wameanzia mlango gani?"