Kona ya Uwanja wa Gazi

Mwanangu, kaa nikueleze jambo, wala usiniharakishe, kwa maana lina uzito kwangu hata leo. Nakumbuka siku moja tulipokwenda Gazi kucheza mpira, miaka ile bendera yetu ya uhuru ilipokuwa bado mpya mlingotini.

Nilikuwa winga wa timu ya kiwanda cha sukari. Usinione ninavyojikongoja, miguu hii ilijulikana kutoka Msambweni hadi Diani. Kiwanda kilinipa nyumba ya mawe na mshahara uliopita hata wa wanyapara, na kazi yangu ilikuwa mpira tu. Lakini ujana ni moshi. Nilipopindukia miaka thelathini, mabeki niliozoea kuwaacha nyuma walianza kunisubiri mbele. Nililiona hilo, ila sikulikubali.

Ndipo akaja Salimu, kijana mpole wa Bodo, mwenye mbio za paa. Siku hiyo ya Gazi mwalimu wa timu alipogawa jezi, yangu akampa yeye.

"Hamisi, leo pumzika," akaniambia.

Hakunionea, mwanangu. Leo nalisema waziwazi. Lakini wenzangu wakacheka, na mmoja akapaza sauti, "Bwana Mshahara leo analinda viatu! Viangalie vizuri, mzee, visije vikapotea!" Nikaketi benchini, damu inanichemka.

Sasa nikueleze habari ya uwanja ule, maana usipouelewa hutaelewa kosa langu. Mama yangu alikuwa mtu wa Gazi, nami nilikulia pale. Uwanja ulipakana na mikoko. Siku za bamvua, maji yakijaa sana, bahari hupenya chini kwa chini mpaka kwenye kona moja. Jua likipanda, juu panakauka, unapaona pagumu kama sakafu, kumbe chini ni tope tupu. Wenyeji hawapakimbilii. Wenzangu, wengi wao wageni waliofuata kazi ya miwa, hawakulijua hilo. Mimi nililijua, na asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuiona chumvi nyeupe juu ya udongo, dalili kwamba bahari imepenya.

Kabla ya mchezo Salimu akaja, akachutama mbele yangu.

"Shikamoo, kaka Hamisi. Uwanja huu wewe waujua. Naomba unielekeze, nipite wapi?"

Nikamwambia, "Kamuulize aliyekupa jezi."

Akainuka. "Haya, kaka. Niombee dua basi." Akaenda zake. Hata hiyo dua sikumwombea.

Kipindi cha kwanza alifunga bao, watu wakaimba jina lake. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na ile kona ikawa upande wake. Nilisimama, mwanangu. Nilifungua kinywa nimwite. Mara nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu ndiye winga, si yule wa zamani!" Nikafunga kinywa, nikaketi.

Mpira mrefu ukapigwa. Salimu akaufukuzia konani kwa mbio zake zote. Mguu ukazama hadi kwenye muundi, mwili ukaendelea mbele, goti likavunjika. Yowe alilolitoa, Mungu aninusuru, bado nalisikia.

Tulimbeba tukamlaza kando ya uwanja. Nikapiga magoti kumfungua kiatu. Akalitazama lile tope, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

Akageuza uso upande wa pili. Mwalimu alikuwa amesimama juu yetu, akasema kwa sauti ya chini, "Hamisi, mimi niliipumzisha miguu yako. Ulimi wako ni nani aliyeupumzisha?"

Nikainama, nikaendelea kumfungua kiatu.

Goti lilipona, lakini lilipona limepinda. Salimu hakukimbia tena. Alijifunza cherehani, akashona nguo Msambweni mpaka alipofariki. Nilimwomba radhi, akaniradhia kwa moyo mweupe, na kila tulipokutana yeye ndiye aliyetangulia kunipa shikamoo. Hiyo shikamoo iliniuma kuliko matusi. Alikwisha kunisamehe, lakini msamaha wake haukulinyoosha goti.

Wazee walisema mpanda ngazi hushuka, nami nakuongezea langu dogo: kushuka si aibu. Utawekwa kando, mwanangu, hata ukiwa hodari namna gani, na pengine watu watakucheka. Itauma, na ni haki yako kuumia. Lakini cheo ni chao waliokupa, wanaweza kukichukua. Ulichojifunza ni amana, na amana haizuiliwi kwa hasira. Ukimnyima mwenzio neno moja, waweza kumnyima maisha yake yote.

Mola akupe kifua kipana, na akujaalie warithi watakaokupita, nawe uwafurahie. Basi siku utakayoondolewa, kabla hujarudi nyumbani, mwendee aliyewekwa mahali pako, msalimie kwa jina lake, na umweleze kila hatari unayoijua.