Barabara ya Delhi Ilipita Koridoni Mwetu

Gundi ya karatasi za ukutani ina harufu ya uji uliosahauliwa. Nikiikuta popote, iwe dukani au kwenye nyumba ya mtu anayekarabati chumba, narudi mara moja kwenye korido ya nyumba yetu ya Lozells, Birmingham, mwaka niliotimiza miaka kumi na sita. Namwona Babu Gurdev amepiga magoti kwenye mbao za sakafu, kilemba chake kimeingia vumbi la chokaa, brashi mkononi, anapandisha India ukutani. Gundi yake alikuwa ameikoroga kwenye sufuria yetu ya ugali. Nilifungua mdomo nimfokee, kisha nikamsikia Neema, mdogo wetu wa mwisho, anacheka. Hakuwa amecheka tangu tulipomzika mama. Sufuria nikamwachia.

Mama alikuwa nesi. Alitutoa Kitale nilipokuwa na miaka kumi, muda mfupi baada ya baba kufariki, akatuleta Birmingham, na miaka sita baadaye naye akaondoka baada ya kuugua majuma machache tu. Tukabaki watatu: mimi, Denis wa miaka kumi na mmoja, na Neema wa miaka saba. Mama Mdogo Eunice, ndugu yake mama wa tumbo moja, alihamia kwetu na masanduku mawili. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Perry Barr, zamu za mchana kutwa, na alikuwa akirudi miguu imevimba kiasi kwamba alikaa kwenye ngazi kwanza ndipo aweze kuvua viatu. Jirani yetu wa mkono wa kushoto ndiye Babu Gurdev, Singasinga mzaliwa wa Eldoret, aliyepima barabara nchini Kenya karibu maisha yake yote kabla ya kuwafuata watoto wake Uingereza. Watoto walikuwa wameoa na kuhamia miji mingine, akabaki peke yake na nyumba nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha Eldoret ya zamani, hakijui ngeli na hakiombi radhi. Siku ya kwanza aliposikia nikimgombeza Denis uani, alichungulia juu ya uzio akasema, "Wewe nagombana kama mutu ya Kitale." Tangu hapo tukawa watu wake.

Wakati huo huko India walikuwa wanajenga barabara kuu mpya kutoka Delhi hadi Mumbai, na mpwa wake, Harleen, alikuwa mhandisi kwenye kipande kimojawapo huko Rajasthan. Babu alitaka kuifuata hatua kwa hatua. Ramani za kwenye simu hakuzipenda. Mtu aliyechora barabara kwa mkono miaka yote hawezi kukiamini kitu kinachokua na kupungua kwa kusukumwa na vidole viwili. Alichukua mabunda ya karatasi za ukutani yaliyobaki stoo, akayageuza upande mweupe, akaanza kuchora. Delhi aliiweka kwenye mlango wake wa mbele. Haryana ikapita chini ya vyango vya makoti. Rajasthan ikachukua ukuta uliobaki mpaka mlango wa jikoni, na hapo korido ikamwishia huku India bado ipo. Akaja kubisha kwetu, karatasi kwapani. "Mercy," akaniambia, "mimi naomba ukuta." Korido zetu zilikuwa mapacha, zimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi zilizoshikana za mtaa ule. Basi Madhya Pradesh ikaanzia kwenye mlango wetu wa jikoni, ikafuata Gujarat, na Maharashtra ikateremka hadi mbele. Mumbai ilikuwa chini ya tundu la barua. Ukisimama nje kwenye baraza, ungeweza kugusa mlango wa Delhi kwa mkono mmoja na mlango wa Mumbai kwa mwingine.

Jumapili tukitoka kanisani tulikula, kisha tukaenda kwa Babu kusubiri simu ya Harleen. Alionekana kwenye kioo cha simu na kofia ya plastiki kichwani, nyuma yake magreda na vumbi jekundu, akitueleza walipofikia. Mstari wa mpango ulikuwa wa penseli nyekundu. Palipowekwa lami, Babu alipita na wino mweusi. Kabla ya hapo nilidhani barabara hujengwa kama mtu anavyotembea, kutoka mwanzo kwenda mwisho. Babu alipiga kelele. "Hapana! Hiyo naanza kila pahali siku moja. Huyu hapa, huyu pale. Kazi ni moja tu: wakikutana, mmoja asikuwe juu na mwingine chini." Alitueleza kwamba mstari wa kwanza huchorwa na watu walioiona nchi kutoka juu tu, ndiyo maana huwa umenyooka vizuri sana. Baadaye wapimaji hushuka na vigingi vyao wakatembea, na hapo ndipo mstari unapoanza kupinda. Unakwepa kilima, unakwepa mahali pa kuchomea maiti, unapita chini ya msitu wa simbamarara kwa handaki. Denis alikabidhiwa ufutio, na mkunjo wowote mpya uliotajwa na Harleen ulipita mkononi mwake kwanza. Neema alilipenda handaki. Ilimfurahisha kuwaza simbamarara wakitembea juu ya vichwa vya watu waliomo garini bila upande wowote kujua.

Jumapili moja Harleen alikuwa amenuna. Vigingi vyake vilikuwa vimeangukia katikati ya boma la ndugu watatu, nyumba mbili upande huu na moja upande wa pili, na barabara ile inazungushiwa uzio pande zote, haivukwi kwa miguu. Mchoro ulionyesha kwamba njia ya karibu ya kuvukia ipo kijiji kingine. "Mke wa mkubwa huwa anampelekea mdogo chakula kila siku," alisema, na Babu akatutafsiria. "Ameniuliza chakula kitafika kikiwa moto au baridi. Nimwambie nini?" Alikuwa ameandika kwa wakubwa wake kuomba njia ya chini ya barabara, wakakataa. Akaandika tena. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nawaza jibu la barua ile nikiwa nafua, nikiwa kwenye basi. Sikuwajua watu wale hata majina.

Lakini sababu ya kuwawaza niliijua. Jamaa zetu walikuwa wamekaa kikao kwa simu, Kitale na Leeds, wakaafikiana kwamba Mama Mdogo hatatuweza. Denis angekwenda kwa mjomba Leeds. Neema angerudishwa kwa bibi Kitale, nchi aliyoiacha akiwa hajaota meno yote. Mimi ningebaki nisome. Mama Mdogo aliniambia haya tukiwa tunamenya viazi, na hakuniangalia. "Mimi siwakatai, Mercy. Unajua siwakatai. Lakini mwili ni mmoja, na asubuhi nikitoka wao bado wamelala." Nikamwambia kwamba asubuhi nitakuwepo mimi. Nilikuwa nimemaliza mitihani ya kidato cha mwisho cha lazima na nimepata nafasi ya kuendelea chuoni. Nikaiacha. Nikapata mafunzo ya kazi kwenye jikoni ya shule ya msingi aliyosoma Neema, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu ya saa: jikoni ile ilifunguliwa watoto wakiingia na kufungwa wakitoka. Mwalimu wangu alinisihi nifikirie. Nilikuwa nimekwisha kufikiria. Mjomba alisema huo ni utoto, kwamba familia haiendeshwi na msichana anayekoroga kastadi. Ikabidi mambo yaamuliwe na afisa wa ustawi wa jamii, ambaye angekuja Alhamisi moja alasiri kuiona nyumba na kuandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo ingesema kama tutabaki wote pamoja na Mama Mdogo, au kama mpango wa jamaa ufuatwe.

Jibu la barua ya Harleen lilitangulia. Ndugu watatu wamepewa njia, alisema, ndogo, ya chini, inamtosha mtu na ng'ombe wake, na Babu akaichora kwa wino ukutani mwake kama herufi ndogo. Sote tulipiga makofi isipokuwa Neema, aliyekuwa amekunja mikono. Neema alikisikia Kiswahili vizuri lakini alikuwa akijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake cha Birmingham alitoa malalamiko yake. Mtu akifika mwisho wa Rajasthan, alisema, inabidi arudi Delhi, atoke nje kwenye mvua, aingie Mumbai, apande tena korido nzima ndipo afike Madhya Pradesh. Kama wale ndugu wamepewa njia, kwa nini sisi tuzunguke? Babu alimsikiliza kwa makini, kama anayepokea malalamiko ya wanakijiji. "Mimi nitatazama," akamjibu. Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto.

Alhamisi ile nilisugua mpaka kizingiti. Nilipanga vitabu vya Denis, nikamsuka Neema mistari iliyonyooka kuliko mchoro wowote wa wahandisi, nikaweka matunda kwenye bakuli mahali ambapo hayawezi kukosa kuonekana. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye koti la mvua na daftari. Alifungua friji, akatazama vitanda, akaongea na Denis peke yake. Mama Mdogo alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Mwishoni tulisimama koridoni, karibu na mlango wa jikoni, na afisa akauliza swali ambalo sikulitayarishia jibu.

"Mama yenu mdogo akiwa kazini, unawaangalia wewe. Na wewe ukiugua?"

"Siugui," nikasema.

"Kila mtu huugua, mpenzi. Siku hiyo nani yupo?"

Mama Mdogo akainamisha kichwa. Na hapo, kutoka ndani ya ukuta, mahali penye mpaka wa Madhya Pradesh, ikatoka sauti nene: "Mercy! Hiyo mgeni iko bado? Mimi naweka chai, ama natoka?"

Karatasi ikavimba, ikainuka pembe moja, na kijiko chetu cha supu kikaanguka sakafuni. Nyuma ya karatasi palikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe, na ndani ya tundu palikuwa na jicho.

Afisa alirudi nyuma hatua moja. "Huyo ni nani?"

"Ni Rajasthan," akajibu Neema.

Baadaye niliyapata yote. Zamani palipita bomba pale, likaondolewa, tundu likazibwa kwa magazeti na plasta. Neema alilisikia kwa kugongagonga, akawa analichimba kwa kijiko nikiwa nafua, kisha anabandika karatasi kwa uji wake wa asubuhi. Babu alipoona unga wa chokaa kwenye sakafu yake aliweka sikio ukutani, akatambua kazi inayofanyika, akachukua patasi na kuanza upande wake. Hawakuambiana neno. Walikutana asubuhi ile ile nikiwa nje nasugua kizingiti. Lakini wakati ule sikujua lolote. Niliona tu tundu kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, mbele ya mtu mwenye daftari, nikainama kuokota kijiko.

Afisa aliinama akachungulia. Kisha akafunga daftari, akasema angependa chai hiyo, akatoka Mumbai na kuingia Delhi. Nikabaki nimesimama na kijiko mkononi. Sikukusudia kusikiliza, ila tundu lilikuwa hapo. Nilimsikia Babu akisema kwa Kiingereza chake cha ofisini, polepole: "Kila asubuhi, madam, huyo msichana anaita majina mawili. Denis, Neema. Ukuta ni mwembamba, mimi ni mzee, naamka mapema, nasikia. Hajawahi kuita moja akasahau la pili. Siku nisiposikia majina mawili, nitakuwa mlangoni kwao kabla chai yangu haijapoa." Kikombe kikawekwa kwenye sahani, na afisa akamwomba amweleze ile ramani ni ya nini. Alikaa huko karibu saa nzima.

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Ilianguka Mumbai, nyeupe, na Mama Mdogo ndiye aliyeifungua kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga. Aliisoma amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, ingawa ndiyo kwanza alikuwa anatoka. "Mnabaki," akasema. "Wote." Denis alikwenda kwenye tundu akapiga kelele habari hiyo Rajasthan.

Sasa nina miaka ishirini na mitatu. Bado nipo jikoni ile ile, ila siku hizi mimi ndiye ninayepanga chakula cha juma zima, na kastadi anakoroga mwingine. Chuo sikurudi. Kuna siku nakiwaza, lakini si kwa uchungu, na najua nilibadilishana nini na nini. Denis anasomea umeme. Neema ananizidi urefu, amenigeuza mwanafunzi wake wa simu, na Kiswahili bado anakijibu kwa Kiingereza. Mama Mdogo ameolewa, anakaa Balsall Heath na anakuja Jumamosi kukagua friji kama afisa. Barabara ya kule imefunguliwa vipande vingi, vingine bado, na Harleen amehamishiwa barabara nyingine. Karatasi zilibanduliwa mwenye nyumba alipopaka rangi. Fundi wake alitaka kuliziba na tundu. Nikamwomba aliache, nikalitengenezea kifuniko cha mbao. Asubuhi kikigongwa mara mbili najua Babu ameamka na magoti yake yamekubali. Nilipotimiza miaka kumi na minane niliomba kusoma faili letu la ustawi wa jamii. Nilipekua kutafuta tundu, kwa hofu ya zamani, nikalipata ukurasa wa tatu: "Ukuta wa korido una tundu dogo. Si hatari kwa watoto. Jirani anasikika vizuri."

Kwa miaka mingi, sauti ya kifuniko cha tundu la barua ilinifanya niache lolote nililokuwa nikifanya. Hata ikiwa ni tangazo la pizza nilikimbia nikalishika kabla halijagusa mkeka. Juzi asubuhi ilianguka bahasha nyeupe yenye nembo ya halmashauri. Nilikuwa nakoroga uji. Niliitazama ilipolala, pale palipokuwa Mumbai, nikaiacha. Nikaita majina mawili kuelekea juu ya ngazi, nikasubiri, na yote mawili yakanijibu kwa hasira.