Maumivu Niliyoyatupa Njia Panda

Jumamosi, Novemba katikati. Toka alfajiri mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, tukadhani leo mvua itashuka ya kweli. Yamedondosha matone machache tu, yakalowesha vumbi, yakaondoka. Sasa ni jioni, upepo umetulia na mkono wangu umetulia, ndiyo maana naandika.

Naandika jambo lililonipata mimi mwenyewe, si la kuambiwa. Niliishia darasa la saba na sijui kupamba maneno. Ningekuwa mtu wa kutunga, ningelifanya lifungane vizuri zaidi, maana kuna sehemu hazifungani, na hizo nazo nitazisema. Sikulazimishi uniamini. Hata mimi zipo siku ambazo sijiamini. Ila jino halipo, pengo ninalo, na ulimi wangu unalipapasa hapa hapa ninapoandika.

Mimi napika chakula machimboni, mwendo wa pikipiki kutoka Geita mjini. Kwetu ni Kishapu. Asubuhi nauza uji na maandazi, mchana wali na maharage. Mume wangu, Baba Kulwa, ni mchimbaji, na siku zile alikuwa amekwenda rashi, yaani wamesikia dhahabu imetoka mahali na kila mwenye sururu amekimbilia huko. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nyumbani tulikuwa mimi, mapacha wetu Kulwa na Doto, na mama mkwe wangu aliyetoka Kishapu kuja kutusalimia.

Gego langu la chini, kushoto, lilikuwa na tundu siku nyingi. Lilikuwa linaniuma na kuniacha. Safari hii halikuacha. Nilikuwa nakoroga uji huku nimeshika shavu, na wateja wangu unawajua walivyo.

"Mama Kulwa, hilo andazi uliloficha shavuni ni la nani?" aliniuliza Masanja, kijana anayeendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

"La kwako, kama utalipa la jana," nikamjibu.

"Sikiliza nikutibu bure. Weka maji ya betri. Tone moja tu, jino linanyamaza."

"Linanyamaza na mwenye nalo," mwenzake akasema, wakacheka wote, na mimi nikacheka upande mmoja wa mdomo.

Maji ya betri sikuweka, na wewe usiweke. Nimeona mtu aliyeweka, fizi yake iliungua mpaka mfupa ukaonekana. Lakini dawa nyingine za nyumbani nilizitumia, na nataka kuzitendea haki. Karafuu ilisaidia. Niliiponda, nikaichanganya na tone la mafuta ya kula, nikachovya pamba na kuiminya kwenye tundu, na jino likafa ganzi kiasi cha kunipa usingizi kidogo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kusukutua na kutema, yalisaidia pia, hasa kuondoa harufu. Kitunguu saumu kiliniunguza fizi, ila huenda nilikiacha muda mrefu. Majani ya mpera nilichemsha nikasukutua, lakini siku hiyo nilikuwa nimeweka na karafuu, kwa hiyo siwezi kuyasifu wala kuyalaumu. Zote zilinituliza. Hakuna iliyoniponya. Mimi nilidhani ni kitu kimoja.

Siku shavu lilipovimba, mama mkwe akaniita uani.

"Mama Kulwa, maumivu yako yamekupenda. Inabidi uyatupe."

Kwetu hili si jambo geni. Ugonjwa uliokataa kutoka unaupeleka njia panda, unauacha pale, na wewe unarudi bila kugeuka nyuma. Mama mkwe alinielekeza: nitoe ile pamba ya karafuu mdomoni, niifunge kwenye kitambaa, niende jua likiwa utosini, nikiweke kitambaa pale njia zinapokutana, niteme mate, nirudi. Na kuanzia hapo, mpaka mwezi mpya uandame, nisiliguse shavu wala kulitaja jino.

"Ukiligusa umeliita," alisema. "Ukilitaja umeliita. Achana nalo kama hukuwahi kuwa nalo."

"Na atakayekiokota?" nikauliza.

"Nani anaokota vitu njia panda, ng'wanone, mwanangu? Labda asiye na mama wa kumfundisha."

Nilikata kipande cha kanga yangu kuukuu, ya maua mekundu, nikaifunga pamba mafundo mawili, nikaenda. Njia panda yetu ni pale barabara ya malori ya mawe inapokatwa na njia ya kisimani. Nikaweka, nikatema, nikarudi. Sikugeuka.

Na jino likaacha kuuma. Nakuambia ukweli mtupu. Jua lilipozama hapakuwa na maumivu, hata kidogo. Nililia kwa furaha. Nilikula nyama jioni ile, nikalala kama mtoto, na asubuhi mama mkwe akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda. Hakusema kitu, kwa sababu kulitaja ilikuwa mwiko. Mimi nilihisi baridi kidogo na koo zito, nikasema ni moshi wa kuni. Shavu sikuligusa. Nilinawa uso kwa kuruka upande ule. Wewe je, baada ya kuteseka hivyo, ungethubutu kuligusa?

Mchana wake, wateja walikuwa wameshakula na kurudi mashimoni. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, anapepeta mtama, anatazama lango. Mimi nilikuwa jikoni, kwenye kibanda, nasugua sufuria. Nikasikia, "Mwadila, mayu," salamu yetu ya mchana kwa mama.

Alikuwa mwanamume, umri kama wangu. Mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, kama waendesha karasha wote. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na alikuwa amejifunga kitambaa, kimepita chini ya kidevu, fundo liko juu utosini. Nikaitikia, nikamkaribisha kwenye benchi. Akakaa.

"Naomba maji ya chumvi, mayu. Ya vuguvugu."

Nilimhurumia. Nikampa kikombe cha bati. Akakishika kwa mikono miwili, asinywe, asisukutue.

"Umelala vizuri?" akaniuliza.

"Nimelala vizuri, kaka."

"Hata mimi nililala vizuri. Usiku mmoja." Akatazama kikombe. "Lilikuwa linauma, likaacha. Nikala nyama, nikaimba. Wenzangu wakasema, huyu amepona."

Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonitoa jasho. Maneno yalikuwa yanatoka wazi kabisa, lakini kidevu chake hakikuwa kinacheza. Kile kitambaa kilikuwa kimekaza. Midomo ilikuwa imefumba.

"Shika chini ya taya lako," akasema.

"Nimekatazwa."

"Najua. Shika."

Sijui kwa nini nilimtii mgeni nikamvunjia heshima mama mkwe. Nilipeleka vidole. Chini ya taya palikuwa na kitu kigumu kama kokwa la embe, cha moto, kimeshuka mpaka shingoni. Hakikuuma. Nilibonyeza tena, hakikuuma. Nilijaribu kumeza mate, yakakwama.

"Nimekuletea chako," akasema yule mtu. "Mimi changu kinanitosha."

"Mama Kulwa!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Unaongea na nani? Na mkono huo shavuni unafanya nini? Usiguse!"

Nikageuka kumjibu. Nilipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa juu yake, kimejaa vile vile. Kando yake kile kipande cha kanga, maua mekundu, mafundo yangu mawili hayajafunguliwa.

Mama mkwe alikuwa anatazama lango muda wote. Hakumwona mtu akiingia wala kutoka. Alisikia sauti moja tu, yangu, inasema nimelala vizuri, kaka.

Alikuja amekasirika, ungo bado mkononi. Nikashindwa kueleza, nikaushika mkono wake nikauweka shingoni kwangu. Vidole vyake vilipapasa, vikarudi, vikapapasa tena. Halafu uso wake ukabadilika, na ule mwiko wa mwezi mpya sikuusikia tena.

"Masanja!" alipiga kelele kuelekea kwenye makarasha, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Masanja, leta pikipiki! Mtoto wangu anakufa!"

Masanja alikuja mbio, safari hii bila mzaha. Mama mkwe alipanda nyuma yangu, akanishika njia nzima nisianguke.

Hospitalini daktari wa meno alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Alinifungua mdomo, nao ulifunguka nusu tu.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe, halafu akanigeukia. "Liliacha kuuma lini?"

"Jana jioni. Nikajua limepona."

"Hapo ndipo ulipotakiwa kukimbia," akasema. "Jino likifa ndani, linaacha kuuma. Usaha haujaacha. Wako umeshapata njia, unashuka shingoni. Ungelala na leo nyumbani, sijui kama kesho ungevuta pumzi."

Waling'oa jino, wakapasua chini ya taya kutoa usaha, wakanilaza na dawa za mshipani. Mama mkwe alilala sakafuni kando ya kitanda changu muda wote huo. Baba Kulwa alitukuta pale, vumbi la rashi bado kichwani.

Nilimsimulia daktari kuhusu yule mgeni. Hakunicheka. Alisema homa yangu ilikuwa kali, na homa kali humwonyesha mtu vitu. Huenda. Naliandika hili kwa sababu ni haki yake. Na kile kitambaa? Doto hupita njia panda akienda shule, angeweza kukiokota akakileta nyumbani. Nilimuuliza, akakataa. Ni mtoto, anaweza kukataa kwa kuogopa fimbo. Hilo nalo naliandika.

Niliporudi nilianza kuuliza. Mzee mwenye kiwanja cha makarasha alisema zamani, kabla sisi hatujahamia, kulikuwa na kijana aliyeumwa jino, likaacha kuuma, akachinja kuku na wenzake, na kulipokucha alikuwa ameshakufa, shingo imejaa. Hawakujua kwao, wakamzika karibu na njia ya kisimani. Mwingine, mzee vile vile, alisema hapana, yule aliyezikwa pale alifukiwa na shimo. Nimewasikiliza wote wawili na siwezi kumpa mmoja ushindi.

Kinachonikosesha usingizi ni kitambaa kile cha kichwani. Mwenye jino hujifunga hivyo, chini ya kidevu, fundo juu, kutuliza shavu. Lakini nilikuwepo tulipomwandaa baba yangu kwa mazishi, na nakumbuka tulivyomfunga ili mdomo wake usibaki wazi. Ni vivyo hivyo. Nilimwona yule mtu, nikampa maji, nikakaa karibu yake, na jambo hili sikulikumbuka mpaka nilipokuwa nimelala kitandani hospitalini.

Mama mkwe hajaacha imani yake, na mimi simlaumu. Anasema maumivu tuliyatupa kweli, yakaenda kweli, kosa lilikuwa kukataza kugusa. "Maumivu ndiyo yalikuwa yanatuambia," alisema siku moja, anachambua majani, bila kunitazama. "Nimeyafukuza, tukabaki viziwi." Hajamwelekeza mtu njia panda tena. Mwenzetu akija na shavu, anampa karafuu, anampa maji ya chumvi, halafu anamshika chini ya taya yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, kama daktari.

Kwa hiyo wewe unayesoma, karafuu tumia, chumvi tumia, zitakupa usiku mmoja wa kulala na asubuhi ya kwenda kwa daktari. Ukiona uvimbe, ukashindwa kumeza, ukashindwa kufungua mdomo, usingoje asubuhi. Na likiacha kuuma ghafla, lenyewe, usicheze ngoma. Jishike chini ya taya. Mimi aliyeniambia nijishike sijui alikuwa nani, na siwezi kukuahidi kwamba atakuja na kwako.

Jioni hii tumekula ugali wa mtama na nsansa, majani yetu makavu ya kunde, yamepikwa kwa karanga. Mama mkwe alizitwanga karanga laini kabisa kwa sababu yangu, nikatafuna upande wa kulia. Kabla ya kukaa, kama nifanyavyo kila jioni, nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka kikombe cha bati kwenye benchi la jikoni. Sijawahi kukikuta kimepungua. Kulwa ameniuliza ni cha nani. Mama mkwe akamjibu kabla yangu: "Cha mgeni. Kula."