Kilima Kilichosafishwa

Nikisikia mtu anasema "tunasafisha mlima" natamani kutapika. Sipambi maneno.

Mlima wenyewe ni kilima cha mawe nyuma ya boma la mama yangu, upande wa Kasoli. Ukipita na bodaboda utaona miiba na vichaka tu. Kwetu ni ngitili. Mvua zikianza, mama anaifunga, ng'ombe hawapandi tena. Nyasi zinaachwa ziote, zikomae, zikauke zikiwa zimesimama. Kiangazi kikishamaliza malisho ya huku chini, anafungua, na ng'ombe wanakula kule mpaka mvua zirudi. Ikiwa imefungwa, kilima ni cha pimbi, kanga na nyuki. Hatukuwahi kuita hayo uhifadhi. Ilikuwa akiba ya ng'ombe, basi.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea, ukaja mradi wa kutunza milima. Kaka yangu mkubwa ndiye mwenyekiti wa kitongoji, wakamuuliza kile kilima kinatumikaje.

"Ile ni ngitili," akajibu, "imefungwa."

"Kwa hiyo hakitumiki," wakasema.

Na kaka, Msukuma aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe wa ngitili ile ile, akaitikia ndiyo. Alitusimulia mwenyewe huku anacheka, anamega ugali.

"Si ungewaambia kiangazi tunafungua?" mama aliuliza.

"Mayu, wageni walishafurahi. Niwaharibie shughuli?"

Alikuwa ameahidiwa kukaa meza kuu. Mtu mzima, ana wajukuu, anauza malisho ya mama yake kwa kiti cha plastiki chenye kitambaa.

Siku ya shughuli yenyewe ya kusafisha mlima na kupanda miti nilitoka Somanda, ninakoishi, nikafika wameshaanza. Vijana wa kulipwa walifyeka kila kitu mpaka mawe yakabaki uchi, wakakusanya nyasi mbichi na vichaka, wakachoma. Moshi ulikuwa mzito, unanuka asali iliyoungua. Pimbi walipotoka mapangoni walirushiwa mawe, watu wanashangilia. Mayai ya kanga yalichemshwa pale pale kwenye kopo. Kisha ikachimbwa mistari ya mashimo ya mikaratusi, imenyooka kama matuta ya pamba. Mgeni rasmi hakupanda kilima hata hatua chache. Alipanda mche wake chini, kwenye kivuli cha turubai, akapigwa picha, akanawa mikono kwa maji ya chupa. Kaka alimshikia taulo. Nilimwangalia anavyoinama, nikaona aibu kuitwa ndugu yake.

Kiangazi kilipokuja, mikaratusi ilikauka yote. Nyasi hazikuwa zimerudi. Mama alikuwa na ng'ombe wanne tu, na hao ndio walikuwa uzee wake wote; akawa anawakatia matawi, anawaokotea mabua ya mahindi kwenye mashamba ya watu. Mbavu zao zilihesabika ukiwa barabarani.

Mradi ukarudi kukagua miche. Walipoona imekufa wakasema wananchi hatuna elimu, wakaitisha semina shuleni. Mama aliitwa, nikamsindikiza. Alibanwa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa mbao, akafundishwa namna ya kutunza mlima: mtenge eneo, mlifunge wakati wa mvua, mlifungue kiangazi. Walikuwa na jina lake refu la kitaalamu. Kaka alikaa mbele, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza, na mwishoni ndiye aliyetoa neno la shukrani. Alishukuru kwa kutufungua macho.

Mama alijinasua kwenye dawati, akatoka. Soda waliyompa aliiacha pale pale kwenye dawati.

Tulipofika nyumbani tulimkuta ng'ombe wake mkubwa, jike mwenye mimba, amelala ubavu zizini. Mimi nilishika mkia, mama na jirani wakashika pembe, tukamnyanyua. Miguu ikakunjika, akarudi chini. Tukajaribu tena. Mama akakaa kwenye samadi, akakiweka kichwa cha ng'ombe mapajani, akaanza kumlisha ugali wa jana kwa mkono, tonge kwa tonge, naye anaacha unamdondoka mdomoni.

Kaka akatokea, bado ana harufu ya pilau ya semina. Akatazama, akauliza kama tumeshamwita mtu wa bucha, maana akifia humo nyama haitauzika.

Mama aliendelea kumega ugali.