Mtahiniwa aliyevuta kamba

Juzi asubuhi, Mbagala, nilichangia bajaji na mama wa makamo aliyekuwa anakwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Njiani waya wa eksileta ukakatika. Mama akatazama saa, machozi yakamlengalenga. Dereva akachomoa kamba ya kiatu chake cha raba, akaifunga kwenye kabureta huko nyuma, akampa mama ncha.

“Nikisema vuta, vuta. Nikisema legeza, legeza.”

“Mie ndiye naendesha?”

“Wewe mafuta tu, mama. Usukani wangu.”

Tukaondoka.

“Legeza, mama! Mtaro huo!”

Tulifika mlango wa chumba cha mtihani ukikaribia kufungwa. Akaingia mbio, vidole vyeusi kwa grisi. Nikashusha pumzi. Miaka yote ya ualimu wangu nimewarudisha watoto bombani wanawe mikono kwanza, yule mama sikumwita arudi.